Daftari la namba la Shangazi ndilo lililobakiza kiwanda chetu cha uchapaji Tanga

Watu wakisikia familia yetu inachapa tangu 1971 kitu cha kwanza wanauliza ni mashine, mnatumia gani, ofseti au digitali, mlinunua shilingi ngapi. Huwa nawajibu, ila nikiangalia historia yetu yote naona mashine ndio kitu kidogo. Hapa hapa Tanga nimeona watu wakileta mashine nzuri kuliko zetu, wakafungua kwa mbwembwe, na baada ya muda milango imefungwa. Sisi tumebaki kwa sababu ya vitabu vya risiti. Vitabu vya risiti na daftari moja la Shangazi ambalo nitalieleza vizuri maana nataka wenye biashara za familia walielewe.

Babu yangu alikuwa kompozita, yaani mpanga herufi. Alianza kazi miaka ya 50 kwa tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na uchapaji mjini. Na Tanga uchapaji ni kazi ya zamani kweli, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa inachapa gazeti la Kiongozi hapa tangu 1904, wanafunzi wanafundishwa na kuchapa humo humo, kwahiyo Babu alivyoingia hakuwa anaingia kwenye kitu kigeni mjini. Lakini kazi yenyewe ya pesa enzi hizo ilitoka kwenye mkonge. Tanganyika ilikuwa inaongoza dunia kwa mkonge, 1964 zilitoka kama tani 230,000, na kila shamba lilitaka makaratasi, fomu za mahudhurio, hati za mizigo ya reli, na vipande.

Vijana wengi hawajawahi kuona kipande. Ilikuwa kadi ya mfanyakazi wa shamba yenye vyumba 30, ukimaliza kazi ya siku uliyopangiwa karani anajaza chumba kimoja, vikitimia 30 ndio unalipwa. Sasa fikiria shamba lenye wakata mkonge mamia, kila mmoja akimaliza kadi anahitaji nyingine. Babu alikuwa anasema hapo ndipo alipoelewa uchapaji. Zile kazi nzuri nzuri, kadi ya harusi ya mtoto wa bwana shamba yenye wino wa dhahabu, zilikuwa zinakuja mara moja watu wanazishangaa basi imeisha, kipande kinarudi. Hakuna mtu aliyewahi kukisifia kipande lakini ndicho kilicholipa mishahara ya pale dukani.

Kupanga herufi kulikuwa hivi. Una trei ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi, unazichomoa moja moja unazipanga kwenye kishikio cha chuma mkono wa kushoto, maneno yakiwa yamepinduka, mpaka jicho linazoea kusoma kinyumenyume. Halafu kuna shida ambayo kompozita wa Kiswahili tu ndio anaijua. Seti za herufi zilikuwa zinatengenezwa kwa hesabu ya Kiingereza, zimejaa e na t, sisi lugha yetu inakula a, k na w. Andika tu "wakulima wakaribishwa wakiwa na kadi za kwao" uone k na w zinavyoisha. Babu alikuwa anapanga nusu ukurasa, inachapwa, anafungua anarudisha herufi kwenye trei ndio anapanga nusu nyingine. Mteja akija na tangazo refu Babu anamkalisha anamsaidia kulifupisha, sio kwa ubabe, ni kwamba k zimebaki chache. Nimezikuta hizo trei, na vyumba vya k na w viko vitupu kuliko vyote mpaka leo.

1971 serikali ikataifisha majumba ya kupangisha na jengo la tajiri likaenda. Akaamua kuondoka na familia yake. Kabla hajaondoka akamuuzia Babu mashine moja, Heidelberg ile ya mikono miwili inayozunguka kama feni, mkono mmoja unachukua karatasi mwingine unatoa, pamoja na trei za herufi na mashine ya kukatia. Babu hakuwa na hela taslimu, akawa anamlipa kidogo kidogo kupitia ndugu wa tajiri aliyebaki mjini, na alimaliza deni lote. Hili kwetu lilisimuliwa sana, mtu yuko nje ya nchi huwezi kumfuata wala yeye hawezi kukufuata na bado unampelekea chake.

Mashine ina zaidi ya tani moja, ikaviringishwa juu ya mabomba ya chuma mpaka bandani nyuma ya nyumba, kwenye hizi barabara zetu za namba za Ngamiani. Hapo ndio kikaanza kiwanda.

Sasa Shangazi. Ndiye mtoto wa kwanza wa Babu na alikuwa na mwandiko mzuri, basi Babu akamweka mezani kupokea kazi. Alipoanza aligundua kitu ambacho wanaume wote bandani walikuwa hawakioni. Kitabu cha risiti kina namba. Mteja akimaliza kitabu kilichoishia 5,000 kinachofuata lazima kianze 5,001, zikijirudia anapata shida na mkaguzi, zikiruka ndio kabisa. Na wenye maduka wengi kitabu kikiisha hawakumbuki waliishia wapi, vitabu vya zamani vimetupwa juu ya kabati, mchwa wamepita. Kwahiyo Shangazi akafungua daftari. Jina la mteja, aina ya kazi, namba ya kwanza, namba ya mwisho, rangi za karatasi, tarehe. Mteja akija anasema tu "nimemaliza vitabu vyangu" Shangazi anafunua anamwambia uliishia elfu kumi na mbili, nakala yako ya pili ni ya pinki, tunaanzia hapo.

Ndio hivyo tu, lakini fikiria maana yake. Mteja akienda kwa mchapaji mwingine anaulizwa namba zako za mwisho ni ngapi, hajui. Akija kwetu hata kufikiri hafikiri. Bila mkataba wala kupunguziwa bei, watu wakakaa na sisi kizazi hadi kizazi, baba wa mwenye duka akafa mtoto akaendelea na namba zile zile.

Niseme kidogo namba zenyewe zinavyopigwa maana hii ndio kazi niliyoipenda kuliko zote nikiwa mdogo. Kuna kijisanduku cha chuma chenye magurudumu ya tarakimu, kinafungwa ndani ya fremu pamoja na herufi, kila karatasi ikigongwa gurudumu linasogea lenyewe. Na mara nyingi unapiga kurudi nyuma, unaanza na namba kubwa unashuka, kwasababu karatasi zinalaliana zikitoka, ya kwanza inabaki chini ya mwisho inakuwa juu, kwahiyo ukimaliza rundo liko kwenye mpangilio wake namba ndogo juu. Ukianza na 1 utakesha unapanga upya. Tatizo ni karatasi ikikwama au zikienda mbili kwa pamoja, namba imeshasogea, hiyo namba imepotea. Fundi mvivu anaacha. Shangazi alikuwa anachukua rundo lote anapitisha kidole gumba pembeni namba zinapita kama maji, akiona imeruka anasimama. Fundi anarudi kwenye mashine anarekebisha magurudumu kwa mkono anachapa ile moja tu, hata kama nje wanafunga maduka.

Na nyumba nzima ilikuwa kiwanda. Usiku Mama na wadogo zake wanatandika mkeka, marundo matatu, nyeupe, pinki, njano, tunazunguka tunaokota moja moja tunaunganisha, halafu gundi, halafu jiwe juu. Mlangoni kuna rimu juu ya mbao, kamwe sio chini sakafuni, maana Tanga masika ikiingia karatasi inakunywa unyevu wa hewa inajikunja kama papadi, ukiilazimisha kwenye mashine inaingia upande. Wageni wa kazi hii wananunua karatasi Dar wanafungua siku hiyo hiyo wanachapa, wanalaumu mashine. Karatasi iache kwanza ikae chumbani ndani ya kifungashio chake izoee hali, halafu fungua unazotaka kutumia tu.

Miaka migumu ilikuwa baada ya vita vya Kagera, mwanzoni mwa 80. Sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, karatasi ndio usiseme, ni kwa kibali. Wino unachanganywa uongezeke. Hapo kulikuwa na mvutano mkubwa kati ya Babu na Shangazi. Babu alitaka karatasi kidogo iliyopatikana tuchapie mabango ya dansa na taarab, maana Tanga ni mji wa muziki na wenye vikundi walikuwa wanalipa vizuri siku hiyo hiyo. Shangazi akakataa. Akafungua daftari akamwonyesha nani vitabu vyake vinaisha mwezi huu, akasema hawa tukiwakatalia leo watatafuta kwingine na wakishaanza namba kwingine hatutawaona tena. Babu alikuwa mtu mkali lakini alimsikiliza. Na mimi naona ule ndio uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye historia ya kiwanda chetu, mkubwa kuliko kununua mashine, na ulifanywa na binti kwenye meza yenye kibatari.

Biashara ilipofunguliwa enzi za Mzee Mwinyi mambo yakalegea, karatasi ikapatikana, na 1988 Coastal Union walipochukua ubingwa mji mzima ulitaka mabango na kalenda, kazi ilikuwa tamu sana kwa kipindi hicho. Baba na Baba Mdogo wakanunua ofseti ndogo iliyotumika, GTO, inayochapa kwa pleti, yaani bati jembamba lenye maandishi, badala ya herufi. Herufi za risasi zikapumzika. Ila tofauti na wenzetu wengi hatukuuza Heidelberg kwa wanunua chuma chakavu, kwasababu GTO yetu haikuwa na kifaa cha namba. Tukawa tunachapa risiti kwenye ofseti halafu namba tunapigia kwenye Heidelberg. Hata sasa.

1995 ndio tulikaribia kufa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, kila mgombea anataka picha yake ukutani, na Baba Mdogo akachukua kazi kubwa za mabango kwa mkopo, malipo baada ya uchaguzi. Tulikesha, pleti juu ya pleti, karatasi imenunuliwa kwa hela ya kukopa. Matokeo yakatoka. Aliyeshindwa huwezi kumpata, na aliyeshinda yuko Dodoma kwenye bunge na msaidizi wake anakwambia njoo wiki ijayo. Sehemu kubwa ya hela ile haikulipwa mpaka leo. Simlaumu sana Baba Mdogo, kila mchapaji mji huu alifanya hivyo na ukikataa unaonekana umelala. Lakini ninachowaambia wanaoanza ni hiki, bango la uchaguzi ni hela kabla karatasi haijakatwa, yote, sio nusu. Kwenye uchapaji gharama kubwa ni karatasi, na karatasi ikishachapwa sura ya mtu huwezi kumuuzia mwingine. Risiti ya duka ikikosa kulipwa una kitabu mkononi, mwenyewe atakuja tu maana bila hicho hauzi.

Kilichotulisha mwaka uliofuata ni wateja wa daftari.

Babu alifariki muda si mrefu baadaye. Baada ya arobaini kikaitishwa kikao cha familia, wajomba, mashangazi, sheikh yuko pale kwa ajili ya mirathi. Wengine wakasema tuuze kila kitu tugawane, mashine ni chuma, chuma kina bei. Na walikuwa na haki yao, mirathi ni haki ya kila mtu. Shangazi hakubishana. Alilileta daftari akakaa mkekani akaanza kusoma, duka fulani, vitabu vinaisha mfungo sita, shule fulani, mwezi wa kwanza, msikiti fulani, mwezi wa tatu. Alisoma kurasa na kurasa kwa sauti ile ile, watu wakanyamaza. Alipofunga akasema mkiuza chuma mtapata hela ya chuma, hii hamtalipwa na mtu yeyote.

Tukakubaliana vitu vithaminishwe na mtu wa nje, kila mrithi aandikiwe fungu lake, wanaotaka kutoka walipwe polepole kutoka kwenye faida, wanaobaki wabaki. Ilichukua miaka lakini wote walilipwa. Nimeona familia nyingi ambazo hazikuandika. Kaka mkubwa anaendesha "kwa niaba ya wote", wadogo wananung'unika kwenye misiba, watoto wao wanakuja kudai miaka ishirini baadaye na hakuna anayejua fungu la nani ni lipi. Andikeni mapema ndugu zangu, na kadi za harusi za ndugu nazo ziingie kwenye hesabu. Kwetu ndugu akichapisha kadi za mchango analipa karatasi na wino, kazi ya mikono ndio zawadi yetu. Mwanzoni walinuna wakazoea, na hakuna anayesema anadaiwa au anadai.

Mimi niliingia rasmi kwenye enzi za kompyuta. Tulianza na PageMaker, tunapanga ukurasa, tunachapa kwenye tresing pepa kwa printa ya leza, tresing ndio inatumika kuchoma pleti badala ya filamu, maana filamu ilibidi uitume Dar na basi. Ilikuwa inatoa maandishi safi kabisa, picha ndio zilikuwa zinagoma. Baadaye yakaja mabango ya plastiki yanayoitwa flex, mashine za digitali, vijana wa steshenari wanachapa kadi hamsini wakati mteja anasubiri. Kazi za kadi zikapungua, halafu WhatsApp ikazimaliza karibu zote, mtu anatuma kadi ya mchango kwa simu na namba ya kulipia chini.

Pigo lenyewe likaja 2010 na mashine za EFD. Mwenye duka akishakuwa na mashine ya risiti ya TRA kitabu cha nini. Hapa ndio nilitegemea daftari litafungwa, lakini tulikaa na Shangazi tukalipitia mstari kwa mstari tukiuliza huyu ataguswa, huyu hataguswa. Waliobaki walikuwa wengi kuliko tulivyodhani. Hati za kupokelea mizigo, vibali vya kutoka getini, vitabu vya michango ya misikiti na makanisa, vikoba, vyama vya ushirika, zahanati, madrasa. Tukawafuata wao, tukaacha kuwakimbilia wenye maduka makubwa. Wenzetu waliokuwa wanasubiri oda ije yenyewe hawakujua hata nani wamempoteza kwasababu hawakuwa wamemwandika popote.

Halafu Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na kumbe ile Heidelberg ya 1971 ilikuwa bado na kazi yake. Ukifunga kisu chenye umbo la boksi kwenye fremu badala ya herufi inakata kadibodi na kuitia alama za mikunjo vizuri kabisa, maboksi madogo, ya sabuni, ya viungo, ya dawa za asili. Maboksi makubwa haiwezi, lakini wajasiriamali wetu hapa hawahitaji makubwa. Kina mama waliopita mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wanataka vifungashio mia tatu, viwanda vya Dar vinawaambia anzia elfu kumi, wanakuja Ngamiani.

Na hao nao wana namba. Kila lebo inataka namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, na mtengeneza sabuni wa Muheza akimaliza lebo hakumbuki aliishia bechi ya ngapi. Binamu yangu, mtoto wa Shangazi, ameliingiza daftari lote kwenye kompyuta, majina na namba za mwisho na rangi, na kila mwisho wa mwezi inampa orodha ya watu ambao stoku yao inaelekea kuisha, anawapigia kabla hawajampigia. Shangazi macho yamepungua nguvu ila bado anataka asomewe hiyo orodha, na juzi alimsimamisha binamu katikati akamwambia huyo wa Korogwe ulimruka, yeye huwa anamaliza kabla ya mfungo, mpigie leo.